Waya za gita Luthuli: fundi anayeuliza kwanza

Ukiulizia waya ya gita mjini, wengi watakupa yoyote yenye jeki ya robo inchi. Kwenye kibanda kimoja ghorofani, Luthuli Avenue, Nairobi, fundi aliniuliza kabla hajagusa rafu: "Kaka, ni ya kutoka kwa gita kuingia amplifaya, ama ya kutoka amplifaya kwenda spika?" Hapo nikajua niko mahali pazuri.

Jeki zinafanana, ndani ni vitu viwili tofauti kabisa. Alifungua moja kwa mkono akanionyesha: ya gita ina uzi mwembamba katikati, umezungukwa na wavu wa shaba unaozuia mngurumo wa stima. Ya spika ni nyuzi mbili nene, bila wavu. Ukiunganisha spika kwa waya ya gita, inaweza kupata moto na kuharibu amplifaya, hasa ile ya valvu, yaani ya vioo vinavyowaka ndani kama balbu. Nawasihi wapigaji wa kanisani, angalieni hapo!

Nilitaka mita 10. Akanishauri 6, kwa kuwa gita langu halitumii betri na waya ikirefuka sauti za juu hufifia. Kwa sisi tunaopiga benga hilo ni jambo kubwa, maana solo yote iko kwenye nyuzi nyembamba. Sasa zinalia wazi, kila noti inasikika.

Bei imepanda kidogo kuliko ya barabarani, na nafasi ni finyu. Lakini jeki zinafunguka kwa skrubu, kwa hivyo waya ikikatika anailehemu papo hapo. Jumamosi fika mapema.