Deli la lita 30 kama pipa la kulowekea kimea

Kwa kilo 5 za kimea cha shayiri cha kutengenezea bia, deli hili (sanduku la kutunzia vitu baridi) linatosha: kimea na lita 15 za maji hujaza kama lita 18 na nusu. Tundu la kutolea maji limekaa chini kabisa, hivyo huhitaji kutoboa. Ng'oa kizibo chake, pitisha koki ya nusu inchi yenye washa za silikoni pande zote mbili. Ndani funga wavu wa chuma cha pua uliovuliwa kwenye mpira wa sinki. Mpira wenyewe tupa, na ncha ya wavu ikunje mara mbili.

Udhaifu ni mfuniko. Uko wazi ndani, hauna povu la kuzuia joto, joto linapotelea hapo. Tandika blanketi. Pasha deli kwanza kwa maji moto, yamwage, kisha tia maji ya nyuzi 73. Kimea cha nyuzi 25 ukikichanganya humo, mchanganyiko utatulia karibu na 67 kwa saa nzima.

Kimea kikisagwa unga, wavu huziba. Kipasuliwe tu, maganda yabaki mazima, na koki ifunguliwe robo. Ukiifungua yote kwa pupa, kimea hugandamana na maji yake matamu hayatoki.