Kadi za Topps za 1957, zile zilizochakaa: uzoefu wangu

Kwanza tuelewane ninachokipima hapa, maana wengi wakisikia kadi za zamani za besiboli wanawaza mamilioni. Agosti 2022, kadi ya mchezaji Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, ilipigwa mnada kwa dola milioni 12.6. Ile ya Honus Wagner, iliyokuwa ikitiwa kwenye pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, ilivuka dola milioni 7 mwaka huohuo. Hayo tuwaachie wenyewe. Mimi nanunua toleo la Topps la 1957, lenye kadi 407, tena nanunua zile ambazo wenye pesa wanazisukuma pembeni: kona zimelika, mkunjo umepita katikati, nyuma kuna doa la nta ya karatasi iliyofungia bablishi. Naishi Maryland. Nyingi nimezipata kwenye maonyesho ya kadi ya wikiendi huko Virginia, nyingine kwenye minada ya mtandaoni.

Mbona 1957 na si mwaka mwingine? Kwanza ukubwa. Huo ndio mwaka Topps walipopunguza kadi hadi inchi 2.5 kwa 3.5, kipimo kilichobaki mpaka leo, kwa hiyo vijaladia vya plastiki vinavyouzwa sasa vinaenea sawasawa. Za 1952 hadi 1956 ni kubwa zaidi na kuzihifadhi ni shughuli. Pili, mbele kuna picha halisi ya rangi, bila mapambo: mtu, uwanja, jina, timu. Nyuma, badala ya takwimu za msimu uliopita na jumla tu, utakuta msimu mmoja mmoja wa maisha yake ya uchezaji. Mimi huanza kusoma nyuma, halafu ndipo nigeuze nimwone mwenyewe.

Niliyoitafuta kwa bidii ni kadi namba 20, ya Hank Aaron. Picha yake ilichapwa kinyume, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Aaron alipiga kwa mkono wa kulia, lakini hapa amesimama kama wa kushoto, na ile 44 ya kwenye jezi inasomeka kwa nyuma. Topps hawakuwahi kuirekebisha. Maana yake kila kadi ya Aaron ya mwaka ule iko hivyohivyo, kwa hiyo muuzaji akikwambia bei imepanda kwa sababu ya "kosa adimu", mwitikie kwa adabu kisha nenda meza ya pili. Yangu nimeipata kwa dola mia na ushee, ina mkunjo unaopita juu ya bega. Shemeji yangu aliishika, akaigeuzageuza, akauliza, "Shemeji, karatasi hii? Dola mia?" Nikamjibu huyo ni mtu aliyeanzia Indianapolis Clowns, kwenye ligi ya weusi, mwaka 1952. Msimu huohuo ambao kadi ilitoka, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake, na timu yake ya Milwaukee Braves ikawatoa Yankees kwenye fainali. Tarehe 8 Aprili 1974 aliupiga mpira nje ya uwanja kwa mara ya 715, akaivunja rekodi ya Babe Ruth, huku akiwa amepokea rundo la barua za matusi na vitisho vya kuuawa kwa sababu ya rangi yake. Shemeji akairudisha mezani taratibu kuliko alivyoichukua, lakini kuhusu bei hakubadili msimamo.

Roberto Clemente ni namba 76, na hapo ndipo Topps wananikera. Kadi zake za 1955 na 1956 zimeandikwa Roberto. Kuanzia 1957 mpaka 1969 wakamwandika "Bob". Mtu wa Carolina, Puerto Rico, aliyetaka aitwe kwa jina lake, miaka nenda rudi anauzwa madukani kwa jina la kumrahisishia mnunuzi. Sisi tunaofanya kazi huku, tuliokwisha kufupishwa majina na mameneja wetu, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Alimaliza na mapigo halali 3,000 kamili, akafariki tarehe 31 Desemba 1972 ndege yake ilipoanguka baharini ikipeleka misaada Nicaragua baada ya tetemeko la Managua. Ukiwa na uwezo wa kuchagua moja, nunua ya 1955. Ndiyo kadi yake ya mwanzo na jina liko sawa, ila uwe umejipanga kifedha.

Faida kubwa ya kununua zilizochakaa ni kwamba unaweza kuwa nazo nyingi. Kadi za wachezaji wa kawaida ni dola mbili tatu, na hizo ndizo zinazokufundisha. Siku moja nilizipanga sakafuni timu kwa timu. Boston Red Sox wote ni weupe. Detroit Tigers, weupe. Jackie Robinson alishavunja mwiko wa kutowachezesha weusi kwenye ligi kuu tangu Aprili 1947, Larry Doby akafuata Julai mwaka huohuo kule Cleveland, lakini Detroit walisubiri hadi 1958, na Boston hadi 1959 walipomchezesha Pumpsie Green. Nilikuwa nimeyasoma haya. Kuyaona sakafuni, sura baada ya sura, ni kitu kingine, na hakuna kadi ya milioni inayoweza kukuonyesha hivyo ikiwa peke yake kwenye sefu.

Halafu kuna Roy Campanella, namba 210, bado na Brooklyn Dodgers. Huo ulikuwa msimu wa mwisho wa Dodgers kuwa Brooklyn kabla ya kuhamia Los Angeles, na ulikuwa wa mwisho kwake pia. Januari 1958 alipata ajali ya gari, akapooza. Kadi haijui lolote kati ya hayo. Imeorodhesha takwimu zake kama za mtu anayerudi kazini mwakani.

Sasa huduma ya kupima ubora. Kuna kampuni kadhaa, PSA, SGC na Beckett zikiwa ndizo maarufu. Unatuma kadi, wanaikagua kingo, kona, uso na kama picha imekaa katikati, wanaipa alama kati ya 1 na 10, kisha wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba yake. Nilipeleka Clemente wangu kwenye kampuni moja, sitaitaja. Muda walioutangaza ulipita, ukapita tena, na kila nikiuliza napewa jibu lilelile la kuwa iko kwenye foleni. Ikarudi na alama 1, bila neno la ziada. Gharama ya kupima na kusafirisha ilikula sehemu kubwa ya thamani ya kadi yenyewe. Kwa kadi zilizochakaa, huduma hiyo siipendekezi, isipokuwa kwa majina makubwa ambayo watu wanayaghushi: Mantle, Williams, Mays, Aaron. Hayo nunua yakiwa tayari kwenye kasha, na uhakiki namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni kabla hujalipa.

Kuhusu feki, beba lenzi ya kukuzia. Kwenye kadi halisi ya miaka ile picha imejengwa na vitone vya rangi, lakini maandishi meusi ni wino uliojaa, hayana vitone. Nakala nyingi za siku hizi zimepigwa picha kutoka kadi nyingine, kwa hiyo hata herufi utaziona zimetengenezwa kwa vitone. Njia yangu nyingine ni kwenda na kadi moja ya bei ya chini ninayoiamini. Naiweka kando ya ile ninayouziwa, nalinganisha unene, rangi ya kijivu ya mgongoni, na kingo. Kadi iliyochoka lakini yenye ukingo mmoja mkali kama wembe, jua imepitiwa na mkasi ili ionekane mpya. Wauzaji wazee hawachukii ukikagua hivyo. Anayechukia, mwache na mali yake.

Za kuhifadhi: faili lenye kurasa za plastiki zisizo na PVC, vyumba tisa kila ukurasa. Basi.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ningetoa tano, ila kuna kadi 265 hadi 352. Kundi hilo lilitoka kwa uchache kuliko mengine, kwa hiyo hata mchezaji asiyekumbukwa na mtu bei yake inaruka, na humohumo wamo Sandy Koufax, namba 302, na Brooks Robinson, namba 328, ambaye hiyo ndiyo kadi yake ya mwanzo. Robinson nimemwona kwenye meza ya mzee mmoja, amechanika kidogo juu na kuandikwa kalamu mgongoni. Mzee amekataa kushuka. Maonyesho yajayo narudi kwake.