Metro ya Guangzhou: chini hupotei, ukishapanda juu ndo shughuli inaanza

Naanza na maksi ili wasiopenda maandishi marefu waondoke mapema. Metro ya Guangzhou: nyota nne kati ya tano. Apu ya ramani niliyoshusha kwenye simu kabla ya safari, jina silitaji: nusu nyota, na hiyo nusu ni ya rangi zake. Wifi yangu niliyesafiri naye: hapana, nikimpa maksi hapa zitafika kwa kaka yake ambaye ndo mume wangu, tumuache.

Mimi nauza mabegi ya kike Kariakoo na China nilishaenda mara mbili kabla ya hapo, lakini ukweli ni kwamba Guangzhou nilikuwa siijui. Nilichokuwa nakijua ni kiti cha nyuma cha gari ya ajenti. Anakupokea airport, anakupeleka gesti, asubuhi anakupeleka sokoni, jioni anakurudisha, ukifika Dar unatamba nimezunguka China kumbe umezungushwa. Safari hii ajenti alikuwa na wateja wa makontena, sisi wa mizigo ya kuungaunga akatuambia nyie tumieni metro tu, mnakaa Xiaobei, soko la mabegi liko Sanyuanli, mnabadilisha treni mara moja, hata mtoto anafika. Hiyo hata mtoto anafika niliikumbuka sana siku ile.

Wifi ndo ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Katoka Tanga na khanga zake, ndimu za kichefuchefu, na imani kwamba mimi ni mwenyeji. Bando la simu yangu likakata siku ya pili, kwa hiyo nilikuwa na wifi ila sina waifai, na huu utani niliurudia mpaka akaninunia.

Kwa ambao hamjafika, Xiaobei ndo pale Waafrika wengi wanapofikia. Kuna jengo la Tianxiu ambalo wafanyabiashara wa Afrika wanalijua kama sisi tunavyoijua Msimbazi, kuna vichochoro vya Baohan, utasikia Kifaransa cha Wamali na Wakongo, Kiarabu, Kiswahili kidogo cha mtu anayelalamika kuhusu bei ya sibiemu, yaani mita moja ya ujazo ya mzigo. Wakongwe wanasema zamani palijaa zaidi. Stesheni iko hapohapo chini ya barabara, laini namba 5.

Sasa metro yenyewe. Laini ya kwanza ilifunguliwa 1997 na saivi mtandao mzima umepita kilomita 600, yaani ukiunyoosha kama kamba unatoka Dar unakaribia Arusha, na sehemu kubwa iko chini ya ardhi. Nauli inaanza yuan 2 kwa kilomita 4 za mwanzo, halafu inapanda taratibu kadiri unavyoenda mbali. Mashine ya tiketi ina skrini, unabonyeza laini, unabonyeza kituo, unachagua watu wangapi, unaweka hela, inakudondoshea tokeni. Noti ya mia usihangaike nayo, nenda dirishani wakuchenjie. Wenye Alipay, ile apu ya malipo ya Kichina, iliyounganishwa na kadi ya benki wanapita na simu, sisi wa simu zisizo na bando tulikuwa wa tokeni.

Hiyo tokeni ni kiduara cha plastiki cha kijani kama kete ya drafti. Kuingia unaigusisha kwenye geti, kutoka unaitumbukiza kwenye tundu, geti linafunguka na tokeni inabaki kwao. Basi mwenzangu kila akishaingia anaifunga kwenye pindo la khanga, fundo mbili, kama hela ya vikoba. Tukifika geti la kutokea foleni nzima inasimama mtu anafungua fundo kwa meno. Wachina wa nyuma kimya, wanaangalia tu, mmoja mzee akaanza kucheka mpaka na mimi nikashindwa kujizuia. Na siku ya kwanza kwa kiherehere changu nilibonyeza watu watatu badala ya wawili, ikatoka tokeni ya ziada, nayo ikaenda kwenye pindo. Nilimwambia hiyo ni ya leo leo tu, kesho haifai, akasema hela haitupwi.

Vingine vya haraka haraka: kila stesheni begi linapita kwenye eksirei, hata kimkoba cha mkononi, kwa hiyo ukiwa na mifuko ya sampo, yaani bidhaa za mfano, jipe muda. Kiyoyozi kipo, kuna kuta za vioo zenye milango kati yako na reli, huoni mtu kaning'inia. Matangazo yanatoka kwa Kichina cha serikali, kwa Kikantoni cha wenyeji na kwa Kiingereza, majina ya vituo yameandikwa na herufi zetu hizi za kawaida, na kila laini ina rangi yake, 5 nyekundu, 2 bluu, 1 njano. Mtu wa Dar aliyekua anasoma mistari ya rangi kwenye daladala hapo anajisikia nyumbani. Laini 1 tangu 2017 ina behewa la kipaumbele kwa wanawake muda wa msongamano asubuhi na jioni, ila nasikia wanaume wanapanda tu kama kawaida, kwa hiyo tusitamani sana.

Enhe, tulivyopotea. Asubuhi kwenda hatukukosea hata kidogo, Xiaobei kituo kimoja mpaka Guangzhou Railway Station, hapo unahamia laini 2, kituo kimoja tena uko Sanyuanli. Viwili tu, unafika hata kiti hakijapata joto. Tukashinda kwenye soko la mabegi siku nzima, na lile soko ni majengo juu ya majengo, ghorofa ya mikanda, ghorofa ya pochi, ghorofa ya zipu na vishikizo tu. Nimebishana bei kwa kikokotoo mpaka kidole kimeota sugu. Jioni kama saa kumi na moja miguu imevimba, tukaingia metro kurudi.

Kosa likatokea hapa. Ubao wa kwenye jukwaa umeandika treni inaelekea Guangzhou South Railway Station. Mimi kichwani nina "Guangzhou Railway Station". Nimeona Guangzhou, nimeona Railway Station, hilo neno la katikati macho yameliruka kama unavyoruka dimbwi. Nikamwambia wifi, tulia, tunashuka mwisho wa treni, we lala hata. Kulikuwa na viti wazi, nyie, viti! Tukakaa, tukavua viatu nusu, tukaanza kumjadili shemeji yetu mmoja na harusi yake. Kituo cha kwanza kabisa watu wengi wakashuka, nikasema hawa nao wana haraka gani. Hicho ndo kilikuwa chetu.

Harusi ile ina mambo mengi. Yuexiu Park ikapita, Gongyuanqian ikapita, tukapita hadi chini ya mto Pearl bila kujua, tulipofika kwenye suala la nani alikula michango wifi akauliza, "Wifi, hivi asubuhi tulikaa muda wote huu?" Nikamjibu jioni kuna foleni. Foleni! Kwenye treni ya chini ya ardhi! Na yeye akakubali, hapo ndo mjue wote wawili tulikuwa tumechoka kiasi gani.

Tukafika mwisho. Tunapanda ngazi za umeme, tunakuta ukumbi mkubwa kama uwanja wa mpira, watu na masanduku, ubao wa treni za mwendo kasi za kwenda Shenzhen na Hong Kong. Wifi akasema, "Mbona hapa pamekaa kama airport?" Kumbe tuko Panyu, kusini kabisa, vituo kumi na tano kutoka tulipotakiwa. Guangzhou haina stesheni moja ya reli, iko ile ya zamani ya mjini, iko ya kusini, iko ya mashariki, ya kaskazini, na tangu mwisho wa 2023 iko ya Baiyun. Ukimwambia mtu nipeleke stesheni ni sawa na kusema nipeleke Mbagala bila kusema Rangi Tatu au Kizuiani. Jifunzeni maneno manne tu: dong mashariki, xi magharibi, nan kusini, bei kaskazini. Yako kwenye majina ya barabara, kwenye vituo, kila mahali, na ndo yanayokutofautishia kitanda chako na Panyu.

Kwenye kutoka geti likatukatalia kwa sababu tokeni zilikuwa za safari fupi. Hapa ndo nyota nne zinapotoka. Dada wa dirishani hakutukaripia, alichukua tokeni zetu, akaziweka kwenye kimashine, akatuonyesha kwenye skrini tuongeze yuan chache, tukalipa, nikamwonyesha kituo tunachotaka kwenye ramani ya ukutani, akanichukulia kalamu akaandika kwenye karatasi 2, mshale, 5, mshale, Xiaobei. Na chini yake akaandika herufi moja kubwa akaizungushia duara. Hiyo herufi sikuijali. Mngejua.

Tukarudi bila tatizo, nimesimama mlangoni nahesabu vituo kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Chini ya ardhi mtu huwezi kupotea kabisa, ukikosea unavuka jukwaa unarudi. Tatizo ni kutoka. Kila stesheni ina milango ya kutokea kadhaa, A, B, C, D, na kila mlango unakutupa upande tofauti wa barabara. Tukatoka tulipoona ngazi kwanza.

Juu ni usiku. Huanshi ni barabara pana, juu yake kuna barabara nyingine ya angani, huwezi kuvuka chini mpaka utafute daraja la waenda kwa miguu, na kila kona ina taa zilezile na duka lilelile la simu. Nikatoa ile apu, ramani nilikuwa nimeishusha yote kabla sijaondoka Dar, haihitaji bando, ndo walivyoitangaza. Kidoti cha bluu kikaniambia niko katikati ya jengo. Nikatembea, kikatembea na mimi sambamba, ila ndani ya majengo, kinapita kwenye kuta kama jini. Nikafuata mpaka tukafika kwenye geti la maegesho, mlinzi katutolea macho. Baadaye kijana mmoja Mkenya wa pale gesti ndo akanielewesha: ramani za China kisheria zimesogezwa, haziendani na GPS ya kawaida, kwa hiyo ukiwa na apu ya nje kidoti kinaweza kukaa mita mia kadhaa pembeni ya ulipo. Sawa, sheria ni yao. Ila wewe unayeuza apu na kuandika "China nzima bila intaneti", na mimi nimelipia, si ungeweka hata kaonyo kamstari kamoja? Nusu nyota na nimekuonea huruma.

Wifi muda huo hanisemeshi. Amejifunga khanga kiunoni, ile ya kugombana. Tukapita mbele ya mgahawa wa tambi za Lanzhou, ile ya Waislamu wa kule magharibi mwa China, ipo mingi mjini, utaiona kwa maandishi ya Kiarabu ya halali juu ya mlango na vijana wenye kofia nyeupe. Wifi akasimama mlangoni akapiga "Asalaam aleikum!" ile ya kuingia msibani, mgahawa mzima ukaitikia. Kuanzia hapo uenyeji nikavuliwa, akapewa yeye.

Tukala kwanza. Kijana anavuta unga kwa mikono, anaukunja, anaupiga mezani, anauvuta tena, nyuzi zinaongezeka maradufu mpaka anazitupa kwenye maji zimekuwa nyembamba kama za cherehani. Bakuli kubwa, mchuzi wa ng'ombe, giligilani, pilipili, nililipa yuan 18 kwa bakuli. Wifi alizikata kwa kijiko, vijiti hakutaka hata kuvijadili. Ndipo nikatoa kadi ya gesti yenye anwani kwa Kichina. Kijana akaisoma, akatoka na sisi nje, akanyoosha kidole: lile daraja la juu, mkishuka upande wa pili, jengo la tatu. Tulikuwa tunaliona bango lake tangu tumetoka metro. Nikatoa na kale kakaratasi ka dada wa dirishani, ile herufi aliyoizungushia duara ndo ulikuwa mlango wetu.

Kwa hiyo mkimuuliza mtu mahali Guangzhou msiulize stesheni peke yake, ulizeni na herufi ya mlango, na kadi ya gesti ya Kichina muwe nayo mfukoni hata kama mnaenda kununua maji. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya miguu yangu, kubadilisha laini kwenye stesheni kubwa ni mwendo, na ukiwa na mifuko ya sampo utakumbuka bajaji. Treni za mwisho zinaishia kwenye saa tano usiku na zaidi kidogo kutegemea laini, msijisahau.

Juzi tulikuwa Tanga kwenye arobaini ya mtoto, wifi anawasimulia wenzake China, kwenye simulizi yake mimi ndo niliyekuwa nimelala kwenye treni na yeye ndo aliyegundua. Nikataka kubisha. Akafungua pindo la khanga, fundo mbili, kwa meno, akatoa ile tokeni ya tatu ya kijani akaipitisha mkono kwa mkono kwa wamama kumi na kitu, na kila mmoja akaigeuza huku na huku kama anaitafutia bei.