Nimelipa laki 6, mchanga haukutajwa hata mara moja

Hasira bado ninayo, mtanivumilia. Wiki kadhaa zilizopita nilikwenda ofisi moja ya matangazo hapa Mwanza mjini. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na shida yangu ilikuwa moja tu: dagaa wangu wanaanikwa kwenye vichanja, hawagusi mchanga, ila mteja aliye Dodoma hawezi kulijua hilo mpaka awatafune. Nilitaka watu wajue hawana mchanga. Basi.

Kijana aliyenipokea, sawa na mdogo wangu wa mwisho, hata shikamoo hakunipa. Akawasha skrini, akaanza: brandi, kontenti, faneli, hadhira lengwa, suluhisho jumuishi. Nusu saa nzima. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, mchanga umeuweka wapi hapo?" Akamgeukia mwenzake, wakacheka. "Mama, mchanga siyo stori. Sisi tunauza hisia."

Mchanga siyo stori! Aliyewahi kuona mtoto aking'ata kokoto mezani, na sufuria nzima ya mboga ikamwagwa, anajua stori ni hiyo hiyo. Kichanja kinataka miti na nyavu, na mvua ikinusa tu unakimbia kufunika. Anayemwaga dagaa ufukweni hana jasho hilo. Ndiyo maana sado yangu ina bei ya juu kidogo. Ukiniambia siyo stori, umefuta kazi yangu yote.

Halafu hilo neno brandi. Babu yangu kule Magu alikuwa na chuma cha moto cha kupigia ng'ombe chapa, na neno hilo la Kiingereza asili yake ni huko huko, kwenye kuchoma alama. Ng'ombe akipotea, chapa inasema ni wa nani, hata kwa asiyejua kusoma. Na faneli? Binti yangu anasoma biashara chuo kikuu cha SAUT, pale Malimbe. Alinieleza tukichambua dagaa: wengi wanaona, wachache wanauliza, wachache zaidi wananunua. Anasema wazo hilo huhusishwa na Mmarekani E. St. Elmo Lewis, mwaka 1898. Nimelielewa nikiwa na ungo mapajani. Yule kijana alishindwa nini kulisema hivyo?

Haki yao niwape: picha ni nzuri. Dada mpiga picha alifika alfajiri, akaingia majini hadi magotini, akasubiri mitumbwi ikirudi na taa zake. Dagaa wanametameta. Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota 3, na mwenye hoteli au ukumbi nikamwambia pengine watamfaa.

Kisha tangazo likatoka. "Anza safari ya kipekee ya ladha, ungana na asili." Kichanja hakimo. Bei ya sado haimo. Namba yangu ya simu haimo! Watu wakadhani ni utalii, wakauliza boti inaondoka saa ngapi. Mmoja tu aliuliza kama mnunuzi: "Wana mchanga?" Swali likakaa siku 2 bila jibu, kwa sababu ukurasa wa mtandaoni wenye tangazo anaushika yule kijana. Nilipompigia akasema engejimenti, yaani watu kupenda na kuandika maoni, iko vizuri.

Nyota 3 nazifuta, na mwenye hoteli naye asiende. Nimenunua ubao na kopo la rangi, nimeandika mwenyewe: DAGAA WA KICHANJA, HAWANA MCHANGA, na namba ya simu chini. Kesho narudi kwenye ile ofisi kudai changu.