code-server kwenye seva isiyo na skrini: mhariri hana tatizo, kazi iko mlangoni

Ukikodi VPS (seva pepe) ya Ubuntu unapewa anwani ya IP na terminali, basi. Faili moja la mipangilio utalihariri kwa nano bila taabu, lakini mradi wa Laravel (mfumo wa kujengea tovuti za PHP) wenye mafaili mia kadhaa ni habari nyingine. code-server, programu huria ya kampuni ya Coder ya Marekani, inaiweka VS Code, mhariri (programu ya kuandikia msimbo) wa Microsoft, ndani ya seva yenyewe, kisha unaifungua kwa kivinjari ukiwa kwenye Chromebook, tableti au laptopu ya zamani isiyoweza kubeba mradi mzima. Ni ya bure, kwa leseni ya MIT. Tunaipendekeza, ila kwa sharti moja: usiifungue kwenye intaneti wazi.

Kuisimika ni mstari mmoja:

curl -fsSL https://code-server.dev/install.sh | sh

Kisha sudo systemctl enable --now code-server@$USER, na huduma itakuwa ikijiwasha yenyewe kila seva inapowaka upya. Neno la siri hulitungi wewe. Limeshaandikwa ndani ya ~/.config/code-server/config.yaml, pamoja na anwani inayosikilizwa, 127.0.0.1:8080. Namba hiyo, inayomaanisha kuwa seva inajisikiliza yenyewe tu, ndiyo inayowachanganya wengi. Wanaandika IP ya seva na :8080 kwenye kivinjari, hakifunguki kitu, halafu wanabadilisha 127.0.0.1 kuwa 0.0.0.0 na kufungua mlango (port) kwenye ufw, ngome (firewall) ya Ubuntu. Inafunguka kweli, na hapo ndipo wanapoharibu mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, neno la siri linasafiri bila kusimbwa, na atakayelipata hapati mhariri tu, anapata terminali nzima yenye mamlaka ya mtumiaji wako. Pili, vivinjari hukataa baadhi ya kazi kwenye kurasa za HTTP tupu: kunakili na kubandika kunagoma, na kurasa za ndani kama onyesho la Markdown hubaki nyeupe, kwa sababu service worker (msimbo wa ukurasa unaofanya kazi nyuma ya pazia) huhitaji HTTPS au localhost.

Njia fupi iliyo salama ni handaki la SSH. Kwenye kompyuta yako:

ssh -N -L 8080:127.0.0.1:8080 jina@seva

Halafu fungua http://localhost:8080. Hakuna cheti, hakuna jina la tovuti, hakuna mlango mpya unaofunguliwa, na kivinjari kinaihesabu localhost kuwa mahali salama. Kwa mtu mmoja mwenye laptopu hii inatosha kabisa, na wengi wanaohangaika na vyeti hawakuwa na haja navyo.

Tableti, ambayo handaki hilo ni shida kuliendesha juu yake, ndiyo inayolazimisha HTTPS kamili. Hapo unahitaji proksi, yaani programu ya wavuti inayokaa mbele ya code-server, na Caddy ni rahisi kuliko nginx: jina la tovuti, mabano, reverse_proxy 127.0.0.1:8080, na cheti cha Let's Encrypt kinaletwa na kuhuishwa chenyewe, mradi DNS inaelekea kwenye seva na milango ya 80 na 443 iko wazi. Ukibaki na nginx, usisahau mistari hii ndani ya location:

proxy_http_version 1.1;
proxy_set_header Host $host;
proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
proxy_set_header Connection upgrade;

Bila hiyo, ukurasa wa kuingia unatokea vizuri, neno la siri linakubaliwa, kisha mhariri anakwama na kosa namba 1006 la WebSocket, ule muunganisho unaobaki wazi kati ya kivinjari na seva. Watu huisimika code-server upya mara kadhaa wakidhani imeharibika, kumbe ni proksi inayoikata WebSocket njiani. Cheti cha kujitengenezea usikitegemee, hasa kwenye iPad.

Ukishaiweka nje hivyo, ondoa neno la siri lililo wazi kwenye config.yaml na uweke hashed-password ya argon2, yaani alama isiyorudishika kuwa neno lenyewe. code-server yenyewe hupunguza kasi ya majaribio ya kuingia, lakini fail2ban, inayozifungia IP zinazokosea mara nyingi, mbele yake bado ni ulinzi wa maana.

Sasa mhariri mwenyewe. Jambo la kuvutia zaidi kwa wanaokodi seva za Ulaya wakiwa Mwanza au Mombasa ni kwamba kuandika hakucheleweshwi na umbali. Dirisha la kuhariri linaendeshwa ndani ya kivinjari chako. Kinachosafiri ni kufungua faili, kuhifadhi, kutafuta na mapendekezo ya lugha. Terminali haina bahati hiyo: kila herufi inakwenda na kurudi, na utaona uzito uleule wa SSH ya kawaida. Ufunguzi wa kwanza unakula bando, baadaye kivinjari kinatumia kilichokwisha kuhifadhiwa.

Kuna mpangilio mmoja wa kubadilisha kabla hujagusa faili lolote. VS Code ya kivinjari huhifadhi yenyewe, sekunde moja baada ya kuacha kuandika. Ukiwa unahariri PHP iliyo hewani, nusu ya mstari inahifadhiwa huku unafikiria jina la kigeugeu, na wageni wa tovuti wanapokelewa na kosa. Weka "files.autoSave": "off". Bora zaidi, usihariri folda iliyo hewani. Fanyia kazi nakala yake ya Git pembeni, kisha uivute huko inapotakiwa.

Kosa la ruhusa nalo litakukuta. Mafaili ya /var/www kwa kawaida ni ya www-data (mtumiaji wa seva ya wavuti), wewe umeingia kwa jina lako, na kuhifadhi kunakataliwa kwa EACCES. Dawa si kuiendesha code-server kama root. Jiunge na kundi, kisha folda zirithishe kundi hilo kwa mafaili mapya:

sudo usermod -aG www-data $USER
sudo chgrp -R www-data /var/www/tovuti
sudo chmod -R g+w /var/www/tovuti
sudo find /var/www/tovuti -type d -exec chmod g+s {} +
sudo systemctl restart code-server@$USER

Mstari wa mwisho ndio unaosahaulika. Huduma iliyowashwa kabla ya kujiunga na kundi haijui kuwa umejiunga.

Git inafanya kazi kama kwenye kompyuta ya mezani, isipokuwa ufunguo wa SSH ulio kwenye laptopu yako haufiki huko, hata kama umezoea kuupitisha kwa ssh -A; code-server ni huduma inayojiendesha, haikuzaliwa ndani ya kikao chako. Tengeneza ufunguo mwingine juu ya seva kwa ssh-keygen -t ed25519 na uusajili kwa hazina (repository) ya mradi huo peke yake, ili seva ikivamiwa usipoteze akaunti nzima.

Viendelezi (extensions) ndipo tunapoipunguzia alama. Masharti ya Microsoft hayaruhusu duka lao kutumiwa na bidhaa isiyo yao, kwa hiyo code-server inachota kutoka Open VSX ya Eclipse Foundation. Intelephense ya PHP ipo. Pylance, kiendelezi cha Microsoft cha Python, haipo; kwa Python chukua basedpyright, na kwa C au C++ tumia clangd. Kuna mafundi wanaonakili faili za .vsix (viendelezi vilivyofungashwa) kwa mkono, lakini Pylance hata ukiiingiza hivyo inabaki nje ya leseni.

Ctrl+W inafunga kichupo cha kivinjari badala ya faili. Isimike kama programu kupitia Chrome au Edge, tabu hiyo itaisha.

Kuijaribu programu inayosikiliza mlango wa 3000, ongeza /proxy/3000/ mwishoni mwa anwani. Kurasa zinazoita CSS na picha kwa njia inayoanzia mzizi zitatokea zimevunjika; tumia /absproxy/3000/ na uieleze programu yako njia hiyo ya msingi.

Coder wanataja RAM ya GB 1 na kori 2 kama kiwango cha chini. Tuseme ukweli, GB 1 inabana: ukifungua mradi wa TypeScript kando ya MySQL, kerneli itaanza kuua michakato, na mara nyingi MySQL ndiyo inayoondoka kwanza. Weka swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya GB 2, na uongeze node_modules na vendor kwenye files.watcherExclude, orodha ya folda zisizofuatiliwa. Ukionywa kuwa ufuatiliaji wa mafaili umeshindikana, pandisha fs.inotify.max_user_watches hadi 524288. Kusasisha ni kurudia ule mstari wa kusimika, kisha kuwasha huduma upya.

Mwenye laptopu moja nzuri asiyehama kifaa atapata Remote-SSH, kiendelezi kinachoiunganisha VS Code ya laptopu na seva, bora kuliko hii, na duka zima la viendelezi juu yake. Asidhani tu kwamba atakwepa suala la RAM, maana nayo inaweka mchakato wake wa Node juu ya seva. Kwenye VPS ya MB 512 zote mbili hazifai: hariri kwako, sukuma kwa Git.