Rampu ya vipande vitatu baada ya misimu miwili ya mashindano

Nimecheza boccia, mchezo wa watu wenye ulemavu wa kupeleka mipira karibu na mpira mweupe unaolengwa, kwa miaka mingi katika daraja la BC3, la wachezaji wasioweza kurusha wala kupiga mpira wenyewe. Kwa mchezaji wa daraja hili rampu, yaani mfereji wa mteremko unaouviringisha mpira uwanjani, ndiyo mkono wake. Mimi siwezi kuurusha mpira wala kuupiga kwa mguu. Msaidizi huuweka juu ya rampu, nami huuachia kwa kijiti kilichofungwa kichwani mwangu. Mchezaji akikosea kuchagua rampu, hulazimika kujifunza upya vipimo vyote alivyovizoea, na msimu mzima unaweza kumpita akiwa bado anajifunza.

Rampu ninayoitathmini hapa ni ya plastiki ngumu iliyo angavu, yenye mwili mmoja na vipande viwili vya kuongezea urefu. Ikilazwa ubavu inaingia ndani ya eneo la mita 2.5 kwa mita 1, kama kanuni zinavyotaka, kwa hiyo haijawahi kutusumbua kwenye ukaguzi wa vifaa.

Sifa yake kubwa ni uthabiti. Mpira ule ule, ukiachiwa kutoka alama ile ile, husimama karibu kabisa na pale uliposimama mara ya kwanza, na hilo ndilo jambo ambalo mchezaji wa BC3 hujenga juu yake kazi yake yote. Kila mpira una uzito wa gramu 275 hivi, lakini mipira yangu sita haifanani tabia: ule laini hutua na kutulia kando ya mpira mweupe, ilhali ule mgumu huenda mbali na kusukuma mipira ya mpinzani. Imenichukua miezi kadhaa kujua kila mmoja unataka urefu gani, na rampu hii haijanidanganya katika hesabu hiyo.

Kitako chake nacho kinastahili sifa. Msaidizi wangu huupa uwanja mgongo na haruhusiwi kugeuka kuutazama, hivyo anachokitegemea ni maneno yangu tu: kushoto kidogo, rudi nusu, juu alama mbili. Rampu yangu ya zamani ilikuwa ikikwama, kisha inaruka kupita pale nilipotaka, nasi tukipoteza muda kuirudisha huku saa ikihesabu. Hii huzunguka kwa kuguswa na kidole, nafuu kubwa kwa sababu kila baada ya mpira kuachiwa ni lazima rampu isogezwe kushoto na kulia, nami nianze kulenga upya.

Kasoro yake iko kwenye kiungo cha kipande cha juu. Baada ya safari nyingi skrubu zake hulegea na kuacha mwanya mwembamba kama ukucha. Katika nusu fainali moja, duru ya nne, nikiwa na mpira mmoja tu wa buluu na mpira mweupe umezingirwa na miwili myekundu ya mpinzani, nilisikia mlio mdogo mpira ulipopita pale. Uliruka kidogo, ukapinda kwa upana wake wenyewe, na mechi ikaishia hapo. Iliniuma sana, kwa sababu lengo nililokuwa nimelichagua lilikuwa sahihi.

Jeong Ho-won wa Korea Kusini alitwaa dhahabu ya BC3 ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Paralimpiki ya Rio mwaka 2016, akaitwaa tena Paris mwaka 2024. Katika mchezo unaomwezesha mtu kudumu kileleni muda mrefu kiasi hicho, watengenezaji wanapaswa kuunda viungo vinavyostahimili miaka ya kufungwa, kufunguliwa na kusafirishwa.

Ningeipendekeza kwa mchezaji aliyekwisha kuelewana vizuri na msaidizi wake, si kwa anayeanza. Sisi tunaendelea nayo. Kabla ya kila mechi msaidizi wangu hukaza skrubu, kisha hupitisha ukucha polepole juu ya kiungo huku mimi nikisikiliza. Ukipita bila mlio, tunaingia uwanjani.