Kifaa cha Kusoma Makosa ya Injini kwenye Spacio ya 2002: Uzoefu Wangu Hapa Mwanza

Anayetaka kununua kifaa kidogo cha kusoma makosa ya injini kwa ajili ya gari la zamani lililotoka Japani anapaswa kujua mapema kwamba tundu la pini 16 lililo chini ya dashibodi si uthibitisho kwamba kifaa na gari vitaelewana. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa OBD-II, yaani kanuni moja ya kompyuta ya gari kujikagua na kutoa taarifa za makosa, kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hayakufungwa na sheria hizo, na ndiyo tunayoyaendesha wengi wetu kuanzia Buhongwa hadi Igoma. Langu ni Toyota Corolla Spacio ya mwaka 2002 yenye injini ya 1NZ-FE. Kifaa nilichonunua ni kile chenye chipu ya aina ya ELM327 kinachotuma taarifa kwenye simu kwa Bluetooth, na bei yake ni ndogo kuliko sensa moja mpya.

Kwa mipangilio ya kawaida, programu ya simu ilitafuta kompyuta ya injini bila kuipata, ingawa taa ya kifaa ilikuwa inawaka. Sababu ni kwamba magari mengi ya Toyota ya soko la Japani ya miaka hiyo huwasiliana kwa waya mmoja kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ilhali kifaa huanza kwa kasi ya 10400 inayotumika katika mfumo wa kawaida. Programu nzuri huwa na sehemu ya kuandika maagizo ya kuanzia, na nilipoandika humo ATIB 96, yaani agizo la kuweka kasi ya 9600, na maagizo mengine yanayoendana nalo, mawasiliano yalikubali. Hapa ndipo ubora wa kifaa unapoonekana, kwa kuwa nakala nyingi za bei nafuu hupokea maagizo ya kawaida tu na kuyakataa haya ya kubadili kasi, hata kama kwenye ganda pameandikwa toleo la juu. Kwa hiyo namshauri mnunuzi aombe kukijaribu kwenye gari lake mwenyewe kabla ya kulipa, maana kufanya kazi kwenye gari la muuzaji hakumsaidii.

Kosa lililokuwa limehifadhiwa ni P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Gari lilikuwa linamisi kidogo asubuhi, na gereji moja ilikuwa imenishauri kubadilisha sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi unaotoka kwenye injini. Ushauri huo hutolewa mara nyingi kwa kosa hili, nami naona una kasoro kubwa, kwa sababu sensa hiyo ndiyo iliyotambua hewa iliyozidi na kutoa taarifa. Namba ya kosa hueleza malalamiko ya kompyuta tu, na chanzo chake kinaweza kuwa mpira uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka, nozeli zilizoziba au sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia kwenye injini) iliyochafuka.

Kilichonipa jibu ni namba zinazobadilika injini ikiwa inafanya kazi, na hasa ile asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kusahihisha mchanganyiko. Katika gari lisilo na hitilafu hubaki karibu na sifuri, na ikizidi kumi juu au chini kuna jambo la kuchunguza. Langu likiwa kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, lilionyesha zaidi ya asilimia 20 za nyongeza, na nilipolishikilia kwenye raundi 2,500 namba hiyo ilishuka hadi karibu 6. Mwenendo huo una maana yake. Tundu linalovuta hewa baada ya sensa ya hewa mara nyingi huathiri zaidi injini inapovuta hewa kidogo, na athari hiyo hupungua hewa halali, ile iliyopimwa na sensa, inapokuwa nyingi. Pampu ingekuwa dhaifu, namba ingepanda kadiri injini inavyodai petroli zaidi. Nilikunja kwa mkono mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi la chujio kwenda kwenye throto (mlango wa hewa wa injini), nikiwa mbali na mikanda na feni, na namba kwenye simu ikaruka papo hapo, kwani ufa ulikuwa upande wa chini ambako jicho halifiki. Baada ya kubadilisha mpira, nyongeza ilitulia karibu na 3 na kumisi kukaisha.

Kabla ya kufuta kosa lolote, piga picha ya skrini, kwa sababu kufuta huondoa pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea, na fundi huihitaji.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo maelekezo ya kawaida hayalitaji. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo presha ya hewa ni ndogo kuliko pwani. Gari la shemeji yangu hupima presha ya hewa ndani ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), na swichi ikiwa imewashwa bila injini husoma takriban kilopaskali 88, wakati gari kama hilo likiwa Dar es Salaam lingesoma karibu na 101. Anayelinganisha namba hizo na za pwani anaweza kuitupa sensa isiyo na kosa.

Kifaa hiki hakisomi breki za ABS wala mifuko ya hewa kwenye gari langu, na kwa hayo bado naenda kwa fundi mwenye mashine kubwa. Vilevile pini ya 16 hupokea umeme wa betri hata gari likiwa limezimwa, hivyo nikiliacha gari Mwanza na kupanda meli kwenda Ukerewe kwa siku kadhaa, kifaa nakichomoa na kukiweka kwenye droo ya dashibodi.